Vipimo vya jiofizikia na tahadhari ya maporomoko ya ardhi: kijiji kiombe mitambo gani?

MkaaMteremkoni (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji kimoja wilayani Lushoto, katika Milima ya Usambara. Ninaomba ushauri wa watu wanaoijua kwa vitendo jiofizikia, yaani uchunguzi wa ndani ya ardhi kwa vipimo vya fizikia, hasa katika kufuatilia miteremko inayotishia kuporomoka.

Juu ya shule yetu kuna mteremko unaolimwa mahindi na maharage, na katikati yake umetokea ufa uliopinda mfano wa mwezi mwandamo. Wakati wa masika ufa huo hupanuka kiasi cha kuingiza kiganja, na kiangazi hujifunga nusu kwa udongo unaodondokea ndani. Mikaratusi iliyo chini ya ufa imeanza kuinama, na chemchemi iliyokuwa ikitoka kando ya barabara sasa inatokea hatua kadhaa chini yake. Wazee wanasema mteremko huo umekuwa ukitembea tangu zamani na haujawahi kumdhuru mtu. Hata hivyo, tangu maafa ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023, wazazi wengi huwazuia watoto nyumbani kila mvua inaponyesha usiku kucha, na sina hoja ya kuwapinga.

Kampuni moja ya ushauri ilikwisha kuletwa hapa na mfadhili. Walitandaza waya mrefu kutoka juu hadi chini, wakachomeka vyuma kila baada ya hatua chache, kisha siku iliyofuata wakawa wanapiga bamba la chuma kwa nyundo kubwa huku wakitazama kompyuta. Baadaye tuliletewa ripoti yenye picha za rangi, bluu chini ya ufa na nyekundu pembeni, pamoja na sentensi isemayo kwamba eneo lina hatari ya wastani hadi kubwa. Hakuna aliyetueleza bluu ina maana gani, wala ni wakati gani tunapaswa kuwaondoa watoto.

Sasa mfadhili anauliza kama tungependa mitambo ya kudumu. Ningependa kujua vipimo hivi vinaona nini hasa ndani ya ardhi, vinaweza kutupa saa au siku ngapi za kujiandaa, na kama fedha hizo zingefaa zaidi zikitumika kwa jambo jingine.

Mpimamitetemo

Mwalimu, poleni kwa hofu mnayoishi nayo. Nianze na hiyo picha ya rangi, kwa kuwa ndiyo iliyowaacha njia panda.

Waya na vyuma ni upimaji wa ukinzani wa umeme. Vyuma viwili, yaani elektrodi, hupitisha mkondo mdogo ardhini na vingine viwili hupima tofauti ya volti. Mashine hubadilisha jozi hizo mara nyingi sana hadi kompyuta iweze kukadiria ni wapi umeme unapita kwa urahisi na wapi unapita kwa shida, na kwa kina gani. Udongo wa mfinyanzi na maji yaliyoyeyusha chumvichumvi za ardhini hupitisha umeme vizuri, ilhali mwamba mzima huuzuia. Huko kwenu mwamba wa asili ni naisi iliyooza kwa kina kirefu, na mfinyanzi unaotokana nayo ukilowa husoma makumi ya omu-mita, kizio cha ukinzani, wakati naisi isiyooza iliyo chini yake inaweza kusoma maelfu. Bluu yenu, kwa desturi ya wachoraji wa picha hizi, ni sehemu yenye ukinzani mdogo. Ama ni udongo uliolowa, ama ni mfinyanzi mwingi, ama ni vyote viwili, na picha moja peke yake haina njia ya kuwaambia ni lipi kati ya hayo. Ndiyo maana mpimaji makini huomba shimo moja lichorongwe ili aone kwa macho tabaka ambalo kompyuta imelipaka rangi.

Nyundo nayo ilikuwa na kazi yake. Mawimbi ya mtetemo hupita polepole katika udongo uliolegea na kwa kasi katika mwamba, kwa hiyo yakipimwa muda wa kufika hueleza mwamba mgumu unaanzia wapi. Ukiweka picha ya umeme juu ya picha ya mitetemo, unaanza kuona uso ambao udongo unateleza juu yake. Inaelekea kampuni ilikusanya vipimo vyote viwili na haikuvisoma pamoja. Mwombeni mfadhili data ghafi, kwa kuwa yeye ndiye aliyezilipia, na mziwasilishe kwa wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma. Kazi ya shambani ndiyo ghali, na hiyo imekwisha kufanyika.

Ninaomba hili lieleweke kabla hatujazungumzia mitambo: kipimo cha mara moja hueleza mteremko umejengekaje, lakini hakiwezi kusema utaporomoka lini. Tahadhari hutokana na mabadiliko, na mabadiliko huonekana kwa kupima mahali palepale tena na tena. Hollin Hill, katika Yorkshire Kaskazini nchini Uingereza, British Geological Survey, taasisi ya jiolojia ya nchi hiyo, wana mteremko wa mfinyanzi ambao wameacha elektrodi ndani yake kwa miaka mingi. Mtambo wao uitwao PRIME hujipimia wenyewe na kutuma matokeo kwa mtandao wa simu. Wanachokitazama ni tofauti kati ya picha ya leo na ya jana, ili waone maji ya mvua yanaingilia wapi, yanashuka kwa kasi gani, na yanajikusanya juu ya tabaka lipi. Wameonyesha pia mambo ambayo wauzaji wa mitambo hawayasemi. Joto la udongo hubadilisha ukinzani kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, kwa hiyo asiyesahihisha joto ataona unyevu ambao haupo. Vilevile elektrodi husafiri pamoja na udongo, na picha huharibika isipojulikana zimefika wapi. Watafiti wa pale waliligeuza tatizo hilo kuwa kipimo, wakawa wanakokotoa kutoka katika data zilezile za umeme jinsi elektrodi zilivyosogea.

Kwa upande wa mitetemo, mfano ninaoupenda ni wa Pont Bourquin nchini Uswisi. Hapo hakukuhitajika nyundo. Seismomita mbili, yaani mashine za kupima mitetemo, ziliwekwa kila moja upande wake wa poromoko, zikawa zinasikiliza kelele za kawaida za ardhi, yaani upepo, mto na magari, usiku na mchana. Ukilinganisha kelele za vituo viwili kwa muda mrefu, unapata kasi ya mawimbi yanayopita katikati yao, na unaweza kuifuatilia siku hadi siku. Mwaka 2010, kabla ya tope kuporomoka mwezi Agosti, kasi hiyo ilishuka kwa asilimia 7 hivi, na mabadiliko yalikuwa karibu na uso wa kuteleza. Sababu yake inafahamika. Kuna mawimbi yanayoitikisa ardhi kwa kuipinda ubavuni, na mawimbi hayo hayapiti katika kimiminika. Mfinyanzi unapoelekea kuwa tope, ugumu wake hupungua, na kasi ya mawimbi hushuka kabla jicho halijaona chochote juu. Matokeo hayo yalichambuliwa baada ya tukio, si kabla yake, na anayewauzia mtambo wa aina hiyo kana kwamba ni king'ora kilicho tayari anawaruka hatua kadhaa.

Mvua_na_Mito

Nimeyasoma maelezo ya mwenzangu na sina ugomvi na fizikia yake. Nina ugomvi na wazo kwamba jiofizikia ndiyo mahali pa kuanzia kwa kijiji cha Usambara.

Maporomoko hayafanani. Mteremko wa Mwalimu una ufa, miti iliyoinama na chemchemi iliyohama, kwa hiyo ni poromoko la taratibu linalojulikana lilipo, na kwa hilo mitambo inaweza kuwa na faida. Lakini mengi kati ya yale yanayoua watu katika milima yetu ni ya aina nyingine: udongo wa juu, wenye unene wa mita moja au mbili tu, unajaa maji katika mvua ya usiku mmoja na kumeguka mahali ambapo jana hapakuwa na ufa wowote, kisha unageuka tope linalokimbia kwa kufuata korongo. Huwezi kutandaza elektrodi katika kila mteremko wa tarafa. Maafa ya kijiji cha Goha wilayani Same, Novemba 2009, yalifuata mvua kubwa, na ya Hanang pia. Huko Hanang, Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyokuwa imenyonya maji ilimeguka, na tope likashuka na mawe na magogo hadi katika mji wa Katesh. Waliokufa walizidi 80. Siku zile uvumi wa volkano ulisambaa haraka kuliko maelezo ya wanajiolojia, na muda mwingi ulipotea katika kuukanusha.

Kwa maporomoko ya aina hiyo, kipimo chenye manufaa kuliko vyote ni cha mvua. Mwaka 1980 mtafiti Nel Caine alikusanya matukio 73 kutoka sehemu mbalimbali za dunia na kuchora mstari unaoonyesha mvua ya chini kabisa iliyowahi kuleta maporomoko ya udongo wa juu, yasiyo na kina. Kwa mstari wake, mvua ya saa 3 inaanza kutia shaka ikifika kama milimita 29 kwa jumla, na ya saa 24 ikifika kama milimita 103. Namba hizo msizibandike ukutani kama zilivyo, kwa sababu ni za dunia nzima, wakati Lushoto ina udongo wake, kilimo chake na mvua zake. Zinafaa kuwa mahali pa kuanzia hadi mtakapokuwa na daftari lenu la mvua na matukio. Hong Kong wametoa tahadhari za maporomoko tangu mwaka 1977 kwa kutumia mvua, wakiilinganisha na kumbukumbu za maporomoko yaliyotokea, na kazi yao imedumu kwa sababu kumbukumbu hizo zilitunzwa.

Kipo kifaa kimoja cha jiofizikia ambacho ningekikubali hata katika korongo: jiofoni, yaani kihisi kidogo cha mtetemo, iliyofungwa ukingoni mwa mto sehemu za juu. Tope lenye mawe hutikisa ardhi linapopita, na mtikiso huo hufika kabla yake. Katika korongo la Illgraben, pia nchini Uswisi, jiofoni hutumika pamoja na vihisi vya kina cha mto kuwaonya watu walio chini. Lakini hapo tunazungumzia dakika, si siku. Dakika hizo zinamtosha mtu aliye darajani au anayevuka mto, hazimtoshi bibi anayelala peke yake na mlango umefungwa kwa komeo.

Ushauri wangu ni kipimamvua cha kusomwa kwa mkono kila asubuhi, na kingine kinachojirekodi kila dakika chache, kwa kuwa ukali wa mvua ndani ya saa moja haupatikani katika kipimo cha siku. Muwe pia na mtu anayefuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo kabla ya vuli ya 2023 ilikwisha kutangaza kwamba El Niño ingeleta mvua za juu ya wastani. Baada ya hapo ndipo muulize habari za elektrodi.

MkaaMteremkoni

Ninawashukuru nyote wawili. Kwa faida ya wachangiaji wengine, sehemu inayotembea ina upana usiozidi uwanja wa mpira, na kutoka ufa wa juu hadi ukuta wa darasa la nne ni mteremko wa kushuka kwa mguu dakika tano. Korongo lipo, ila lipo upande wa pili na halielekei shuleni.

Ninaomba kufafanuliwa jambo moja. Kama ufa tunauona, je, kuupima kwa tepe kuna thamani yoyote ya kitaalamu, au ni kujifariji tu?

FundiElgon

Mwalimu, salamu kutoka upande wa Kenya wa Mlima Elgon. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza vipimamvua, vihisi vya unyevu wa udongo na mitambo ya aina hiyo, kwa hiyo nitaacha nadharia na kueleza kinachotokea baada ya wataalamu kupanda gari na kuondoka.

Waya ndiyo ugonjwa wa kwanza. Panya wa mashambani hutafuna ganda la plastiki, na jembe humalizia alichokianza panya. Waya wowote uzikwe ndani ya bomba, na njia yake ichorwe kwenye ramani ambayo mwenye shamba ana nakala yake. Elektrodi nzuri hutengenezwa kwa chuma cha pua, nacho ni kizuri pia kwa mishikaki, jambo ambalo nimelithibitisha kwa kuziona zikiwa kazini sokoni. Radi ni ya pili. Waya mrefu uliotandazwa mlimani huikaribisha, na mtambo usio na kinga ya radi na waya wa ardhi uliofungwa ipasavyo unaweza kuungua katika dhoruba ya kwanza ya msimu. Ya tatu ni umeme wa jua. Paneli hupimwa kiangazi, fundi akiwa chini ya anga safi, kisha wingu linakaa wiki nzima na betri inakata wakati ambapo mteremko una maji mengi zaidi. Katika mkataba andikeni kwamba betri iweze kuendesha mtambo kwa siku kadhaa bila jua lolote, na fundi alionyeshe hilo mbele yenu kwa kuifunika paneli kwa turubai.

Mtandao wa simu pia msiutegemee peke yake. Katika maporomoko ya West Pokot ya Novemba 2019 barabara zilikatika na madaraja yakasombwa, na waokoaji walipata shida kubwa kufika. Mahali pa namna hiyo, ujumbe unaolazimika kwenda jijini kwanza, ukachakatwa huko na kurudi kijijini kama ujumbe mfupi, una viungo vingi mno vya kukatika. Mtambo uweze kupiga king'ora palepale ulipo, na filimbi au kengele ya shule iwepo kwa ajili ya usiku ambao king'ora hakitalia.

Kuhusu tepe, si kujifariji hata kidogo. Pigeni vigingi viwili vya chuma, kimoja juu ya ufa na kingine chini yake, mpime umbali kati yake kwa tepe ileile, mkiivuta kwa nguvu ileile, saa ileile. Jirani mmoja wa mteremko ninaouhudumia, mama mkulima, ameandika vipimo vya namna hiyo katika daftari la mistari, na daftari hilo lina mapengo machache kuliko kompyuta yetu.

Upande wa Uganda wa mlima huu, tarehe 1 Machi 2010, ardhi ilikifunika kijiji cha Nametsi huko Bududa pamoja na kituo cha afya ambamo watu walikuwa wamejikinga mvua. Tangu niliposoma habari hizo, nikifika mahali huanza kwa kuuliza watu watakimbilia wapi, na ikiwa jengo wanalolitaja liko chini ya mteremko uleule. Shule hupenda kutajwa kwanza, kwa kuwa ina madarasa na paa la bati. Kwenu shule ndiyo iliyo hatarini, kwa hiyo kabla ya mtambo wowote tafuteni kanisa, msikiti au ghala lililo kwenye mgongo wa mlima, nje ya njia ya udongo na mbali na korongo.

Mpimamitetemo

Ninakubaliana na Mvua_na_Mito kwamba kipimamvua kitangulie, na hata ningekuwa na fedha za mfadhili mkononi ningeanza na hicho. Ninachokataa ni kwamba mvua pekee ingetosha kwa mteremko huu. Poromoko la kina, lenye mfinyanzi mzito, halijibu mvua ya usiku mmoja. Hukusanya maji kwa majuma, na linaweza kuongeza kasi siku ambayo jua linawaka, wakati kila mtu amekwisha kurudi shambani. Hapo ndipo shinikizo la maji chini ya ardhi linapohitaji kupimwa lenyewe. Bomba lenye matundu lililoshushwa katika shimo la kuchorongwa, likisomwa kina cha maji, litawaambia jambo ambalo kipimamvua hakiwezi kulijua. Kazi ya elektrodi ni kueleza kinachotokea katika nafasi kati ya shimo moja na jingine.

Sasa tepe. Msingi wake wa kitaalamu ni huu: miteremko mingi inayoelekea kuporomoka huongeza kasi kabla ya kuanguka, na mwaka 1985 mtafiti Fukuzono wa Japani alionyesha njia rahisi ya kuichora kasi hiyo. Badala ya kuchora kasi yenyewe, unachora moja gawanya kwa kasi. Tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu, ufa unapanuka milimita 2 kwa siku. Moja gawanya kwa mbili ni 0.5. Siku mbili baadaye ni milimita 2.5, unapata 0.4. Siku mbili nyingine ni milimita 3.3, unapata 0.3, kisha milimita 5, unapata 0.2. Ukiunganisha nukta hizo kwa rula, mstari unaelekea kugusa sifuri siku nne baadaye, na hiyo ndiyo siku ya kuogopa. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuuchora. Udhaifu wake ni kwamba kasi hupanda na kushuka kwa mvua, mstari unapinda, na tarehe inayotabiriwa inasogea mbele na nyuma, kwa hiyo hesabu hii isaidie uamuzi na isigeuzwe kuwa miadi.

Mwaka huohuo wa 1985, tarehe 12 Juni, poromoko la Xintan liliangukia mji ulio kando ya mto Yangtze nchini China. Mteremko ulikuwa umepimwa kwa miaka, kasi ilionekana ikiongezeka, na wakazi 1,371 walihamishwa wakapona. Kinyume chake ni bwawa la Vajont huko Italia. Mjiofizikia Pietro Caloi alipima mteremko ule kwa mitetemo akakuta mwamba mgumu. Aliporudia mwishoni mwa mwaka 1960 kasi ya mawimbi ilikuwa imeshuka sana, dalili kwamba mwamba umevunjikavunjika ndani. Mabadiliko yalipimwa, yakaandikwa, na bwawa likaendelea kujazwa maji. Tarehe 9 Oktoba 1963 takriban mita za ujazo milioni 270 ziliteleza ndani ya bwawa, na wimbi lililoruka juu ya ukuta likaua watu wapatao 2,000.

Kwa hiyo katika mazungumzo na mfadhili, kamati yenu isisubiri mtambo ufungwe ndipo ijadili nani anatoa amri. Amueni sasa, mkiwa mmetulia na wakati wa kiangazi, ni kipimo gani kitafunga madarasa yaliyo karibu na mteremko, kipi kitahamisha kaya, na nani ana mamlaka ya kusema hivyo saa nane ya usiku bila kumpigia mtu simu. Uamuzi huo uende kwa maandishi kata na wilaya.

Mvua_na_Mito

Hapo tumekutana. Ninaongeza mawili tu. Tarajieni kengele za uongo, na muwaambie wazazi mapema kwamba zitakuwepo. Huko Norway, watu walioishi chini ya mwamba wa Veslemannen walihamishwa mara 16 kabla haujaanguka tarehe 5 Septemba 2019, na mteremko ule ulikuwa na rada na wataalamu wa kutosha. Watoto wa Mwalimu watahamishwa siku ambazo hakitatokea kitu. Afadhali gharama ya siku hizo, yaani uji, walimu wa kuwasindikiza na vipindi vya kufidia, iwekwe kwenye bajeti kuliko kila mara kubishana.

La pili ni kuhusu satelaiti, kwa sababu kuna atakayewaambia kwamba zinatosha. Rada za angani hupima ardhi iliyosogea kwa milimita kadhaa, lakini Sentinel-1, satelaiti za rada za Ulaya, husumbuliwa na mimea, na mteremko wa mahindi na mikaratusi ni mgumu kwake. NISAR, satelaiti ya Marekani na India iliyorushwa tarehe 30 Julai 2025, hutumia mawimbi marefu zaidi yanayopenya majani vizuri, ila hupita mahali pamoja kila baada ya siku 12. Zitawasaidia kujua ni miteremko gani mingine ya kata inayosogea, lakini usiku wa mvua satelaiti inaweza kuwa haijafika.

MkaaMteremkoni

Nimeyachapisha majibu haya na nitayasoma kwenye kikao cha kamati. Tutaomba data ghafi, vipimamvua viwili na shimo moja lenye bomba. Elektrodi za kudumu tutaziomba kwa sharti kwamba mkataba uwe na matengenezo ya miaka kadhaa na kwamba matokeo yaletwe kijijini kwa Kiswahili. Vigingi tutaanza navyo wiki hii, maana fundi chuma tunaye hapahapa.

FundiElgon

Vizuri, Mwalimu. Kigingi cha juu kiwekeni mbali na ukingo wa ufa, mahali ambapo ardhi haina mkunjo wala mti ulioinama, kwa sababu ufa mpya hupenda kutokea nyuma ya ule wa zamani. Kigingi hicho nacho kikianza kushuka, tepe itaonyesha kwamba umbali haubadiliki wakati mlima wote unatembea. Wekeni kigingi cha tatu juu zaidi, kwenye mwamba kama upo, mpime vyote vitatu, na msipande kupima mvua ikiwa bado inanyesha kwa nguvu.